Mzee Anapokabidhiwa kwa Kampuni

Mwaka 1948 Uingereza ilipitisha Sheria ya Msaada wa Taifa, iliyozitaka halmashauri kuwapatia makao wazee waliohitaji matunzo na hawakuwa na pa kuyapata. Kwa miongo kadhaa halmashauri ziliendesha makao mengi zenyewe, na mzee aliyeonewa alijua wa kumshtaki.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1980. Wapo wanaoitaja itikadi ya serikali ya Margaret Thatcher, iliyoliamini soko kuliko halmashauri. Hilo ni kweli, lakini fedha zilikuwa na nguvu zaidi. Mfuko wa serikali ulikuwa ukiwalipia wazee maskini katika makao binafsi. Na mageuzi ya Aprili 1993 yalizipa halmashauri ruzuku ambayo asilimia 85 yake ilipaswa kutumika kwa watoa huduma wasio wa serikali. Hata halmashauri isiyopenda ubinafsishaji ililazimika kuingia mikataba na makampuni.

Kwa hiyo Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, ilipoanza kutumika Oktoba 2000, ilikuta walezi wengi si watumishi wa umma tena. Sheria hiyo ilivibana vyombo vya umma na wote watekelezao kazi za umma. Je, kampuni inayomlea mzee kwa fedha za halmashauri imo?

Swali hilo lilifika mbele ya majaji watano wa Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa wakati huo, mwaka 2007. Bibi wa miaka 84 mwenye maradhi ya Alzheimer, aliyetambulishwa kwa herufi YL tu, alikuwa amewekwa na halmashauri ya Birmingham katika makao ya kampuni ya Southern Cross, na kampuni hiyo ikataka kumwondoa baada ya mgogoro na jamaa zake. Majaji watatu walisema kampuni inafanya biashara kwa mkataba, na kwamba wajibu wa umma ni kupanga matunzo, si kuyatoa. Majaji wawili waliobaki, Bingham na Hale, walipinga: dola ndiyo iliyobeba jukumu la kuwatunza wasiojiweza. Hoja yao ina uzito zaidi, kwani hitaji la bibi yule lilikuwa lile lile, awe analelewa na halmashauri au na kampuni.

Bunge liliwaunga mkono wawili hao. Sheria ya 2008 iliwalinda wazee waliowekwa makaoni na halmashauri, na Sheria ya Matunzo ya 2014 ikawafikia pia wanaohudumiwa nyumbani kwao kwa mpango au fedha za halmashauri. Lakini mzee aliyejitafutia makao ya kampuni na kujilipia mwenyewe bado yuko nje ya ulinzi huo, na pengo hilo Bunge linapaswa kuliziba.