Maabara ya Njoro na Watoto wa Msitu wa Karibu

Wasee, tuelewane kwanza. Rongai yangu si ile ya Kajiado yenye matatu za kelele. Ni hii ya Nakuru, ya mahindi na malori ya Salgaa. Kutoka hapa hadi Njoro si mbali, na leo nataka tuongee historia ya Njoro, kwa sababu kuna swali linanisumbua: nani huandaliwa kuwa mtafiti wa magonjwa na dawa, na nani hubaki wa kuulizwa maswali tu?

Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton alianzisha shule ya kilimo Njoro. Ilikuwa ya vijana Wazungu peke yao. Walipewa shamba, walimu na muda wa kujifunza kwa mikono. Mwafrika kwenye mashamba yale alikuwa kibarua. Mlango ulifunguliwa kwa watu wa rangi zote mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1987 shule ile ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Leo kinafundisha baiokemia hadi udaktari.

Sasa panda juu kidogo, uelekee Nessuit na Mariashoni, msitu wa Mau. Huko ni kwa Ogiek. Sensa ya 2019 iliwahesabu kama 52,000 hivi, kwenye nchi ya watu zaidi ya milioni 47. Mei 2017, Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba serikali ilivunja haki zao kwa kuwafurusha msituni. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia.

Watafiti wamewafuata wazee wa Ogiek kuwauliza mti gani unatibu nini. Mzee anaonyesha gome, jina linaandikwa, utafiti unachapishwa. Lakini je, mjukuu wake yuko ndani ya maabara linapopimwa hilo gome?

Kifungu cha 56 cha Katiba ya 2010 kinasema jamii ndogo na zilizotengwa zipewe nafasi maalum za elimu na kazi. Sawa. Lakini Katiba hailipi nauli.

Na hii kitu inawezekana, imeshafanyika. Thomas Odhiambo alisoma Makerere, akapata uzamifu Cambridge mwaka 1965, na mwaka 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi. Hakutaka Mwafrika abaki mbebaji wa vifaa vya mtafiti mgeni, ndio maana mwaka 1983 kituo kilianza mpango wa kufunza wanasayansi wa Afrika. Kule Kilifi, KEMRI na Wellcome Trust walianza kazi mwaka 1989, na baadaye wakawa wanachukua vijana wa hapo hapo waliomaliza kidato cha nne, wajifunze utafiti kazini. Marekani nayo, kuanzia miaka ya 1970, mpango wa MARC ulikuwa ukiwalipa wanafunzi wa shahada ya kwanza wa jamii zilizoachwa nyuma ili wafanye utafiti wakiwa bado chuoni.

Angalia vizuri hizi mbili za mwisho. Ni kuanza mapema, na kijana kushikwa mkono. Huko Marekani hata alikuwa analipwa.

Mimi najua maana ya kukosa hayo. Nikiwa mwaka wa pili, nilipata atachimenti kwenye maabara Nairobi. Bila malipo. Nilikuwa na shangazi wa kunipa kitanda, lakini nauli na chakula vikanishinda. Nikaikataa. Muhula uliofuata karo ikakatika, nikarudi nyumbani. Na mimi ni wa kabila kubwa, nina jamaa mjini. Sasa fikiria msichana wa Mariashoni asiye na shangazi Nairobi.

Kuna watakaosema, "Apambane kama wengine." Manze, mwaka 1939 vijana wale hawakuambiwa wapambane. Walijengewa shule.

Ninachoomba ni kidogo: kaunti ya Nakuru na vyuo vilivyo hapa vitenge nafasi kumi kila mwaka, za kulipwa, kwa wanafunzi wa sayansi kutoka Ogiek na jamii nyingine ndogo za Bonde la Ufa. Nauli, chakula, mahali pa kulala na mtafiti mmoja wa kuwaelekeza. Mzee alishatoa majina ya miti yake. Sasa ni zamu ya mjukuu wake kushika darubini.