Mtoto anachechemea na kushika goti: huenda tatizo liko kwenye nyonga

Mara nyingi mambo huanza hivi. Mtoto wa miaka sita, mzima kabisa, anayecheza mpira na wenzake pale Pasiansi, anaanza kuchechemea jioni. Ukimuuliza, anashika goti. Goti likitazamwa halijavimba wala halina jeraha. Anachuliwa kwa dawa ya kupaka, analala, na asubuhi anatembea vizuri. Baada ya wiki anachechemea tena. Miezi inapita namna hiyo, na wakati wote anayeumwa ni nyonga.

Msikilizaji, hili tunataka ulishike kabla ya mengine: mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga hufika pia kwenye paja na goti, kwa hiyo maumivu ya nyonga husikika gotini. Hata mhudumu wa afya anaweza kupiga picha ya goti, akaliona zima, akamrudisha mtoto nyumbani. Mtoto akilalamikia goti lisilo na kasoro, omba nyonga nayo ipimwe.

Nyonga ni kama mchi ndani ya kinu. Kichwa cha mfupa wa paja, cha mviringo, huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Kichwa hicho hupata damu kupitia mishipa midogo sana. Damu ikikatika, mfupa hufa, hulainika na kubonyea chini ya uzito wa mtoto.

Hilo likitokea bila sababu inayojulikana, huitwa ugonjwa wa Perthes, kwa jina la daktari Mjerumani Georg Perthes. Madaktari wa Marekani na Ufaransa nao waliueleza mwaka huohuo wa 1910. Huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 8, na wavulana kuliko wasichana. Jambo la kutia moyo ni kwamba mfupa hujijenga upya wenyewe, ingawa huchukua miaka miwili hadi minne. Kazi ya matibabu ni kulinda kichwa hicho kibaki mviringo ndani ya kikombe chake: kuacha kuruka na kukimbia kwa kipindi, dawa za maumivu, mazoezi ya viungo, magongo, wakati mwingine plasta ngumu au upasuaji wa kuelekeza mfupa upya. Anayeugua kabla ya miaka sita kwa kawaida hupona vizuri zaidi.

Lakini kwa watu weusi Perthes si ya kawaida. Huku Kanda ya Ziwa, kichwa cha paja kikionekana kimekufa kwenye picha, swali la kwanza liwe sikoseli, au selimundu. Chembe za damu zilizojikunja kama mundu huziba mishipa ileile midogo. Watafiti wakishirikiana na Bugando walipima sampuli za damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 kutoka kaskazini magharibi mwa Tanzania. Walikuta karibu mtoto 1 kati ya 5 amebeba kinasaba cha sikoseli, na zaidi kidogo ya 1 kati ya 100 ana ugonjwa wenyewe. Kubeba kinasaba tu kwa kawaida hakuharibu nyonga. Mwenye ugonjwa ndiye wa kuangaliwa, hasa anapokaribia ujana: akianza kuchechemea, usihesabu kuwa ni yale maumivu yake ya siku zote. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza vipindi vya maumivu, lakini nyonga iliyokwisha kubonyea inahitaji daktari wa mifupa.

Sasa tuje kwenye lile lisilongoja hata kesho: usaha ndani ya nyonga. Mtoto ana homa, hataki kukanyaga, amelala amekunja paja na kulielekeza nje, na analia ukimgusa mguu au ukimbadilisha nepi. Kichanga huenda asiwe na homa. Utaona tu mguu mmoja hauchezi. Usaha unaweza kuharibu gegedu la nyonga ndani ya siku chache, na likishaharibika haliroti tena. Dawa za kumeza nyumbani hazitoshi. Usaha hutolewa kwa upasuaji, na antibayotiki hupitishwa kwenye mshipa. Kumchua, kumnyoosha mguu au kumchanja chale kunampotezea saa anazozihitaji. Aliyeko Pasiansi anafika Sekou Toure au Bugando kwa daladala. Aliyeko Ukerewe au Kome ana kivuko cha kusubiri, kwa hiyo aondoke mapema zaidi, siyo baada ya kuona kama homa itashuka.

Kuna pia nyonga ya kuzaliwa nayo, ambayo kikombe ni kifupi na kichwa kinateleza nje. Huonekana zaidi kwa wasichana, na kwa aliyetanguliza matako tumboni. Hapa kwetu ni adimu, na mbeleko inadhaniwa kuwa sababu mojawapo: mtoto mgongoni amepanua mapaja, na kichwa cha mfupa kinabaki kikombeni. Madaktari wa Blantyre, Malawi, walipitia kumbukumbu za miaka 10 za watoto zaidi ya 40,000 waliohudumiwa na hospitali yao ya mifupa, na tatizo hili karibu hawakulikuta. Kumfunga mtoto miguu ikiwa imenyooka na kubanwa pamoja ndiko kunakoongeza hatari. Akigundulika kabla ya miezi sita, mikanda laini ya kumweka mapaja wazi kwa kawaida inatosha.

Kuangalia mwenyewe nyumbani, mlaze chali, mkunje magoti, kisha yafungue taratibu kama miguu ya chura. Paja moja likigoma kufunguka kama jingine, au goti moja likiwa chini kuliko jingine, mpeleke akapimwe. Kijana wa miaka 10 hadi 16, hasa mwenye uzito mkubwa, ambaye mguu wake umeanza kugeukia nje, asitembee mpaka amepigwa picha: kichwa cha mfupa huenda kinateleza, na hufungwa kwa skrubu. Kuchechemea kwa miezi, pamoja na kukonda na homa za jioni, kunataka kipimo cha kifua kikuu.

Aliye chini ya miaka mitano ana msamaha wa gharama katika vituo vya serikali kwa mujibu wa sera. Asiyeweza kulipa aulizie ustawi wa jamii hospitalini. Nenda na kadi ya kliniki, majibu ya sikoseli kama yapo, na picha zote za zamani. Omba eksirei ya nyonga zote mbili, na moja ipigwe katika mkao wa chura, kwa sababu Perthes inapoanza huenda isionekane kwenye picha ya kawaida.