Lumbu wa Tanganyika katika maji ya Kariba

Wavuvi wa Kigoma na Uvira hawahitaji kuambiwa tofauti ya dagaa na lumbu. Dagaa ni mwembamba, wa maji ya katikati ya ziwa. Lumbu ana kimo na unene zaidi, husogea ufukoni kuzaa, na akiachwa akue hupita sentimita kumi. Wakishaanikwa huchanganyika, na mnunuzi hulipia fungu moja bila kuuliza. Nyumbani kwake, basi, lumbu hakuwahi kupewa heshima ya pekee. Lakini ni yeye aliyechukuliwa akapelekwa ugenini, akaanzisha kazi ya kulisha mamilioni ya watu: kwanza Ziwa Kivu, kisha bwawa la Kariba kati ya Zambia na Zimbabwe, na kutoka hapo, bila kupelekwa na mtu, Cahora Bassa nchini Msumbiji. Habari ya Kariba ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu huko hata ziwa lenyewe lilitengenezwa na watu.

Bonde la Gwembe lilikuwa la Watonga. Waliishi kandokando ya Zambezi, pande zote mbili, wakilima mashamba ya kingo ambayo mto uliyarutubisha kila mafuriko yalipopungua. Walivuka kwa mitumbwi kuoa, kuzika na kutembeleana. Mto kwao ulikuwa njia. Mwaka 1955 serikali ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland iliamua kuziba Zambezi kwenye korongo la Kariba ili ipatikane nguvu ya umeme kwa migodi ya shaba kaskazini na viwanda vya kusini. Mafuriko ya 1957 na yale makubwa zaidi ya 1958 yaliharibu kazi ya wajenzi, na Watonga wakasema Nyaminyami, mwenye mto, amekataa. Ukuta ulipanda hata hivyo, mita 128 kwenda juu. Desemba 1958 mto ukafungwa.

Watu wapatao 57,000 walihamishwa. Wengine walikataa. Septemba 1958, katika nchi ya Chifu Chipepo, polisi waliwafyatulia risasi wanavijiji waliosimama na mikuki, wakauawa wanane. Waliobaki walipakiwa kwenye malori na kushushwa mbali na mto, wengi wao kwenye ardhi kavu isiyofanana hata kidogo na ile waliyoiacha. Wakati huohuo dunia nzima ilikuwa ikisoma magazetini juu ya Operesheni Nuhu, ambamo askari wa wanyamapori wakiongozwa na Rupert Fothergill waliokoa maelfu ya wanyama waliokwama kwenye visiwa vilivyokuwa vikizama. Kazi hiyo ilikuwa ya kishujaa na siibezi. Nasikitika tu kwamba swala aliyebebwa mabegani alipigwa picha nyingi kuliko bibi wa Kitonga aliyepandishwa lori na vyungu vyake. Tunayoyajua kwa kina juu ya watu hao tunawiwa hasa na watafiti wawili, Elizabeth Colson na Thayer Scudder, waliofika Gwembe mwaka 1956, kabla ya maji, na kuendelea kuwafuatilia kwa miongo mingi.

Bwawa lilijaa mwaka 1963: urefu wa kilomita 280, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000. Uzito wa maji yale ulitikisa ardhi, na Septemba mwaka huohuo kukatokea mfululizo wa matetemeko. Juu ya maji kulikuwa na tatizo jingine. Gugu maji la jamii ya salvinia, lenye asili ya Amerika ya Kusini, lilikuwa limetanda katika sehemu kubwa ya ziwa, na mitumbwi ikawa inajisukuma juu yake kwa taabu. Lilipungua baadaye, rutuba ya awali ilipokwisha.

Rutuba hiyo ndiyo iliyowapa Watonga uvuvi wao wa kwanza. Misitu, nyasi na udongo uliozama ulioza ukalisha maji, na samaki wa mto wakazaana kupita kiasi. Watu waliokuwa wakulima wakajifunza kutega nyavu za usiku kucha na kuzitegua alfajiri. Mapema miaka ya 1960 upande wa kaskazini ulikuwa na wavuvi zaidi ya 2,000. Sehemu za ufuko zilikuwa zimefyekwa miti kabla ya maji kupanda ili nyavu zisinase. Kisha rutuba ikaisha, samaki wakapungua, na wengi wakarudi kwenye jembe. Hapo ndipo lilipoonekana jambo ambalo wataalamu walikuwa wakilihofia. Samaki wa Zambezi ni samaki wa mto: wanakaa kando, kwenye majani na mawe. Katikati ya ziwa, kwenye maji ya kina yaliyojaa vijidudu vinavyoelea, hapakuwa na wa kuvila.

Jibu lilikuwa limekwisha kujaribiwa kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walichukua vifaranga vya dagaa na lumbu kutoka Tanganyika wakavimwaga Ziwa Kivu, na mwisho wa yote akabaki lumbu, ambaye leo wakazi wa Goma, Bukavu na Gisenyi wanamla kwa jina la sambaza. Serikali ya Zambia ikafuata nyayo. Mwaka 1967 na 1968 vifaranga vya lumbu vilivuliwa upande wa Mpulungu, ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, vikasafirishwa kwa ndege hadi Sinazongwe na kumiminwa Kariba.

Ukimjua lumbu utaelewa ugumu wa safari ile. Hafi polepole kama kambare anayeweza kulala kwenye tope akingoja mvua. Magamba yake hubanduka ukimgusa tu. Wavu ukimkwaruza, amekufa. Joto la maji likibadilika ghafla, amekufa. Ndiyo maana vilichukuliwa vifaranga, si wakubwa, na vingi vilikufa kabla ya kufika. Waliomwaga waliobaki hawakuwaona tena. Kila aliyetaka kuwatafuta alikabiliwa na ziwa la kilomita 280 na samaki wa urefu wa kidole.

Aliyetoa habari alikuwa samaki taiga. Huyu ni mwindaji wa Zambezi, mwenye mistari ubavuni na meno yanayotokeza nje ya mdomo, na wavuvi wa ndoano walikuwa wamekwisha kuanza kumfuata Kariba kwa mashua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1969 na kuendelea, taiga waliopasuliwa walianza kukutwa na lumbu tumboni, kwanza upande wa juu wa ziwa, halafu mbali zaidi, hadi karibu na ukuta. Katika muda usiozidi miaka mitatu vifaranga vya Mpulungu vilikuwa vimelijaza ziwa zima. Jambo moja tu lilibadilika: mwili wao. Lumbu wa Kariba hupevuka akiwa mdogo sana, na wengi wanaovuliwa hawapiti sentimita tano au sita.

Ufundi wa kumvua nao ulitoka kwetu. Wavuvi wa Tanganyika walikuwa wanajua tangu zamani kwamba samaki huyu hufuata mwanga. Babu zao walitumia mienge ya kuni kwenye mitumbwi na kuwachota kwa wavu wa mpini. Baadaye zikaja karabai, na mitumbwi miwili ikafungwa pamoja kwa miti ili kushusha wavu mkubwa katikati. Kariba walichukua wazo hilohilo wakalitia chuma. Chombo chao wanakiita rigi. Ni chelezo cha maboya mawili ya chuma, juu yake jukwaa, jenereta, winchi, na mlingoti unaoning'iniza wavu wa mviringo wenye mdomo wa mita kadhaa na tundu za milimita nane.

Rigi huondoka jua likizama, na wavuvi wawili au watatu. Wakifika maji ya kina wavu hushushwa mita ishirini au thelathini, taa huwashwa, na kazi inayofuata ni kusubiri. Vijidudu huja kwenye mwanga, lumbu hufuata vijidudu, na taiga huzunguka pembeni wakimfuata lumbu. Baada ya saa moja au mbili winchi huzungushwa, kwa mkono katika rigi nyingi, na wavu hupanda ukiwa na uji wa fedha unaochezacheza. Samaki humwagwa kwenye makreti na kutiwa chumvi palepale, kwa sababu joto la bonde lile halimsubiri mtu. Kisha wavu unarudi chini. Wanafanya hivyo hadi kunakucha. Mwezi ukiwa mpevu hakuna anayetoka, kwa kuwa mbalamwezi huwatawanya samaki na taa ikakosa nguvu. Siku hizo hushonwa nyavu na kutengenezwa injini. Mvuvi wa Ujiji anayehesabu giza na mwezi angefika Siavonga, ufukoni mwa Kariba, akaelewa kalenda ya pale bila mkalimani.

Pwani, kapenta, kama anavyoitwa huko, huanikwa juu ya chanja za wavu. Siku moja ya jua kali inatosha. Uzuri wa kazi hii uko hapo. Samaki mkavu hahitaji barafu wala gari la baridi. Anasafiri kwenye gunia juu ya basi hadi Lusaka, Copperbelt, Harare na Bulawayo, na mama mchuuzi anampima kwa kikombe, kiasi anachoweza kununua mtu mwenye sarafu chache. Nyama ya ng'ombe haijawahi kuwafikia maskini kwa njia hiyo.

Upande wa kusini ulitangulia. Majaribio yalianza mwaka 1973 na uvuvi wa biashara mwaka 1976, katika enzi ya utawala wa Wazungu wachache na vita vya ukombozi, na waliopewa vibali walikuwa wenye makampuni. Zambia, iliyowaleta samaki, ilikaa ikitazama, kwani mpaka ulikuwa umefungwa na ziwa lilikuwa uwanja wa vita. Rigi zake ziliingia majini mwaka 1980, Zimbabwe ilipopata uhuru. Miaka kumi iliyofuata ndiyo ya neema. Mwaka 1990 Zimbabwe peke yake ilitoa zaidi ya tani 20,000.

Katika neema hiyo Mtonga alipata nini? Wapo waliopata ajira kwenye rigi, wakilipwa kwa usiku mgumu wa hatari, na baada ya uhuru viliundwa vyama vya ushirika vilivyopewa vibali. Lakini rigi ni mtaji: chuma, jenereta, mafuta, wavu. Mtu aliyeporwa shamba la kingo za mto mwaka 1958 hakupewa mtaji huo. Akabaki na mtumbwi na nyavu za kutega ufukoni, akitazama usiku taa za rigi zikipangana katikati ya ziwa juu ya makaburi ya wazee wake. Nyaya za umeme nazo zilipita juu ya vijiji vyake kuelekea miji ya mbali. Kwa maoni yangu, vibali vya kwanza vya lumbu vilikuwa haki ya Watonga wa pande zote mbili kabla ya mtu mwingine yeyote, na kutowapa ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kuhamishwa.

Vibali viliongezeka hata hivyo, hasa upande wa Zambia, na wavuvi wasio na kibali wakajiongeza wenyewe. Wataalamu wa nchi hizi mbili walikubaliana kwamba ziwa linabeba rigi 500, zikigawanywa kwa asilimia 55 Zimbabwe na 45 Zambia. Miaka ya 2010 zilizokuwa majini zilizidi 1,000. Nyingine husogea ufukoni, mahali lumbu anapozaa, kinyume cha sheria, na mavuno ya kila rigi yakapungua mwaka hadi mwaka.

Wageni wengine nao wameingia. Kamba wa maji baridi mwenye asili ya Australia, aliyeletwa kufugwa Zambia, alitoroka na sasa anakata nyavu na kula samaki walionaswa. Sato wa Mto Nile, aliyetoroka mabwawa ya ufugaji, amemsukuma kando perege wa asili wa Zambezi ya kati, ambaye leo yumo kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kabisa kutoweka.

Usafiri wenyewe juu ya Kariba unadai nahodha anayejua kuogopa. Upepo wa Septemba na Oktoba huinua mawimbi ya kupindua rigi, na aliyeanguka anakutana na mamba. Miti ya mopane iliyozama zaidi ya miaka sitini iliyopita bado imesimama, migumu, haiozi. Maji yakishuka, vilele vyake vinakaa sentimita chache chini ya uso, tayari kutoboa mashua. Manahodha wa mashua za kulala watalii na wa feri ya Kariba hadi Mlibizi, safari ya saa 22 hivi, hupita kwenye njia zilizofyekwa kabla ya maji kupanda.

Na maji hushuka. Novemba 2022 akiba ya maji ya kufulia umeme ilibaki asilimia 4.6, na Mamlaka ya Mto Zambezi ikaagiza mitambo ya kusini isimame. Ukame wa 2024 ulirudisha hali hiyo. Gazetini ilikuwa habari ya giza mijini, lakini kwa mvuvi ilikuwa habari ya lumbu: watafiti walikwisha kuonyesha kwamba mavuno ya kapenta hupanda na kushuka pamoja na maji ya mito yanayoingia, kwa sababu ndiyo yanayobeba chakula cha vijidudu. Kila mwaka mamlaka hiyo hugawa maji ya Kariba kwa mashirika mawili ya umeme, moja la kila nchi, na kuyapunguzia mgao mvua zikikosa. Wavuvi wa Sinazongwe upande wa Zambia na Binga upande wa Zimbabwe hawamo katika hesabu hiyo, wala hawajawahi kuwamo.