NYOTA ZA KAZEH NA NURU ILIYOFICHWA



Ndugu zangu, Novemba 1857 msafara wa Burton na Speke uliingia Kazeh, Tabora ya leo, baada ya kutembea kutoka pwani tangu Juni. Aliyewakirimu ni Muislamu, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir, na Burton aliusifu ukarimu wake.

Sasa inua macho. Usiku wa Novemba, mawingu yakifunguka, karibu na utosi wa Tabora hupita kundi la nyota ambalo Waarabu waliliita Qaytus, mnyama wa baharini. Abdurrahman as-Sufi alilieleza katika kitabu chake cha nyota mwaka 964. Nyota yake moja mpaka leo dunia nzima inaiita Menkar, kutokana na neno la Kiarabu la pua.

Ndani ya Qaytus kuna kitu ambacho jicho tupu halikioni. Mfaransa Pierre Méchain alikiona kwa darubini mwaka 1780. Leo kinaitwa M77. Ni galaksi yenye mabilioni ya nyota, mikono yake imejiviringisha, na katikati nyota zimejipanga kama fimbo. Mwaka 1943 Carl Seyfert aliihesabu miongoni mwa galaksi ambazo viini vyake vinang'aa kupita kawaida. Humo shimo jeusi linavuta gesi, na gesi hiyo hupata joto kali kabla ya kumezwa. Vumbi zito limekiziba kiini hicho tusikione. Lakini mwaka 1985 wataalamu walitangaza kuwa wameinasa nuru yake ikiakisiwa na elektroni huru. Kilichofichwa kikajulikana.

Nuru hiyo husafiri zaidi ya miaka milioni 30 kutufikia. Iliwashukia wote njiani: tajiri wa pembe za ndovu, mpagazi wa Kinyamwezi, na mtumwa mwenye mnyororo shingoni.

Katika Suratul-An'am, aya ya 97, Allah anatukumbusha kuwa nyota zinatuongoza katika giza la bara na bahari. Ndugu yangu, walikuwepo waliokijua kibla barabara, wakaswali, kisha wakamuuza mwana wa mtu. Tusiwafichie dhulma hiyo kwa sababu walikuwa wenzetu katika dini. Vumbi la miaka haliizibi mbele ya Allah.

Na wewe, kibla unakijua. Mfanyakazi wako wa ndani umemlipa mshahara wake?

Allah atujaalie elimu yenye uadilifu. Aamin.