Kuhama chama (Tanzania)

Kuhama chama nchini Tanzania ni jambo jepesi kwa mpiga kura na zito kwa mbunge. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura haliandiki chama: mkazi wa kata ya Makutupora, jijini Dodoma, anayerudisha kadi ya CCM na kuchukua ya CHADEMA hana cha kurekebisha humo. Kinyume chake, New York, Marekani, chama huandikwa kwenye usajili, na kukibadili kuna tarehe ya mwisho. Mbunge wa Tanzania, kwa Ibara ya 71 ya Katiba ya 1977, hupoteza kiti akiacha uanachama. Mbunge Lazaro Nyalandu alipojitoa CCM mwaka 2017, jimbo lake la Singida Kaskazini lilirudi kwenye sanduku la kura Januari 2018.

Watetezi wa kanuni hii husema kiti ni amana ya chama, maana mgombea binafsi haruhusiwi. Hoja ina uzito, ila waliompa kiti hawakuulizwa chama chao kituoni. Wala adhabu ya kupoteza kiti haizuii kuhama: wabunge Maulid Mtulia wa Kinondoni na Godwin Mollel wa Siha waliuacha upinzani, wakajiuzulu, na Februari 2018 walichaguliwa tena majimboni mwao, safari hii kwa tiketi ya CCM.