Fundi wa umeme ndani ya meli: anafanya nini, na kazi yake inasomewa wapi?

Nyumbani, umeme ukikatika mtu anawasha buji na kungoja urudi. Katikati ya ziwa, usiku, hakuna wa kungoja. Meli ikikosa umeme, pampu za kutoa maji zinasimama, redio inanyamaza, taa zenye zinaonyesha wengine kwamba meli iko njiani zinazimika, na kwa meli kubwa hata usukani unakataa kugeuka. Mtu mwenye kazi ya kuzuia jambo hilo anaitwa fundi wa umeme wa meli. Abiria wengi hawamuoni hata siku moja, sababu kazi yake kubwa iko chini, ndani ya chumba cha mashini.

Wakaaji wa Goma, Bukavu, Uvira, Baraka na Kalemie wanasafiri kila siku juu ya maji. Hii hapa ni maelezo juu ya kazi hiyo: umeme wa meli unatoka wapi, unachungwa namna gani, na kijana mwenye anataka kuifanya aanzie wapi.

Umeme unatoka wapi?

Meli inajitengenezea umeme wake. Meli kubwa inakuwa na gurupu mbili, tatu ao zaidi za mazutu, mbali na mashini yenye inasukuma meli. Umeme unaingia kwanza ku tablo kubwa, halafu unagawanywa: pampu, usukani, taa, jiko, frigo, redio. Kwa meli nyingi za bahari nguvu ni volti 440 na mizunguko 60 kwa sekunde. Zingine zinatumia volti 380 ao 400 na mizunguko 50, sawa na umeme wa viwanda vya kwetu. Redio na vyombo vya hatari vinapata mara nyingi volti 24 za batri.

Kuunganisha gurupu mbili zifanye kazi pamoja kunaomba akili. Lazima volti zilingane, mizunguko ilingane, na mawimbi ya umeme yapande na kushuka wakati mmoja. Fundi anaangalia sindano yenye inazunguka polepole ku tablo, na anafunga swichi wakati sindano inafika juu kabisa. Akifunga vibaya, gurupu moja inapigana na ingine: swichi zinaruka, na mara zingine mashini inaharibika.

Kuko pia tofauti moja kubwa na umeme wa nyumba. Ndani ya meli nyingi, nyaya za umeme haziunganishwe na chuma cha meli. Sababu ni hii: waya mmoja ukigusa chuma kwa bahati mbaya, umeme haukatike palepale, na usukani unaendelea kufanya kazi. Lakini waya wa pili ukigusa pia, hapo ni hatari. Ndiyo maana ku tablo mara nyingi kuko taa tatu ndogo. Zote zikiwaka sawa, hali ni nzuri. Moja ikififia, umeme wa njia ile umegusa chuma mahali fulani. Fundi anaanza kutafuta: anazima tawi moja kisha lingine, mpaka taa zirudi sawa.

Kazi ya kila siku

Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuzuia, kuliko kutengeneza chenye kimekwisha kuharibika. Fundi:

- anasoma vipimo vya kila gurupu na kuviandika ndani ya kitabu;
- anapima ganda la nyaya kwa kifaa maalum, ili ajue kama unyevu umeingia;
- anakaza visi za viunganisho, sababu meli inatetemeka siku yote na visi zinalegea;
- anasikiliza mota za pampu, na kuzigusa kwa nje kama zina joto kupita kawaida;
- anaangalia maji na chaji ya batri;
- anajaribu alama za moto, taa za njia na gurupu ya dharura.

Maji, jasho na chuma vinafanya kazi hii iwe ya hatari. Mtu mwenye kusimama ku chuma na nguo zilizoloa anapitiwa na umeme kwa urahisi. Kwa hiyo kuko kanuni tatu zenye fundi muzuri haziruke: anakata umeme na kufunga swichi kwa kufuli, anaweka kibao chenye kusema kuko mtu kazini, kisha anapima mwenyewe kabla ya kugusa. Chumba cha batri nacho kinahitaji hewa ya kutosha, sababu batri za maji zikichajiwa zinatoa gesi yenye inaweza kulipuka kwa cheche moja.

Umeme wa dharura

Kisha meli Titanic kuzama mwaka 1912, mataifa yalitunga mkataba wa usalama wa watu baharini, wenye unajulikana kwa jina SOLAS. Leo mkataba huo unaomba meli ya bahari iwe na chanzo cha pili cha umeme, mbali na chumba cha mashini, mahali pa juu. Kama ni gurupu, lazima iwake yenyewe na kutoa umeme kabla sekunde 45 hazijapita. Meli ya abiria lazima iwe na umeme wa dharura wa saa 36. Ya mizigo, saa 18.

Muda huo ni mrefu kwa uokoaji, lakini sekunde chache zinaweza kutosha kwa ajali. Tarehe 26 mwezi wa 3 mwaka 2024, meli ya makontena yenye jina Dali ilikosa umeme wakati ilikuwa inatoka ku bandari ya Baltimore, Marekani. Ilishindwa kugeuka, ikagonga daraja la Francis Scott Key, na daraja likaanguka. Wafanyakazi 6 wenye walikuwa wanatengeneza barabara juu yake walikufa. Mwezi wa 11 mwaka 2025, wachunguzi wa Marekani walieleza kwamba umeme ulikatika kwanza sababu ya waya mmoja wenye ulikuwa umelegea. Kibandiko cha kuonyesha jina la waya kilikuwa kimewekwa vibaya, kikazuia ncha yake isiingie mpaka mwisho. Meli ya karibu mita 300, na waya mmoja.

Na kwetu, ku maziwa?

Ajali nyingi ku maziwa yetu zinatokana na mzigo kupita kiasi, upepo na kukosa jaketi za kuelea, kuliko umeme. Lakini moto ndani ya chombo cha mbao hautoi nafasi ya kufikiri. Mwezi wa 4 mwaka 2025, boti HB Kongolo ilishika moto ku mto Congo, karibu na Mbandaka, na watu zaidi ya mia moja walikufa. Viongozi walisema moto ulianzia kwa mtu mwenye alikuwa anapika. Waya wenye kutoa cheche karibu na bidoni za mazutu unaweza kuleta moto wa namna ileile.

Boti ndogo haina tablo kubwa. Ina batri, taa chache, pengine gurupu ndogo. Makosa yenye kuleta hatari yanajulikana: waya wa nyumba wenye unavunjika kwa kutetemeka, nyaya zilizosokotwa na kufungwa skochi tu, fizibo iliyotolewa na kuwekwa kipande cha waya, batri isiyofungwa yenye kuruka mawimbi yakija. Kila moja inarekebishwa kwa feza kidogo, na haiombi mutaalamu wa bahari. Abiria naye anaweza kutazama. Usiku kukiwa hakuna taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kuume, ao kukisikika harufu ya plastiki yenye kuungua, ni haki yake kuuliza kabla boti haijaachia.

Inasomewa wapi?

Mwanzo uko karibu. Shule za ufundi za sekondari zinafundisha umeme mpaka diplome ya serikali, na INPP inatoa mafunzo ya mikono. Kwa msingi huo mtu anaweza kuanza kama musaidizi ndani ya meli ya ziwa ao ku chantier ya kutengeneza meli.

Kwa meli za bahari, hiyo haitoshe. Mkataba STCW, wenye unaongoza masomo ya mabaharia, uliongezewa mwaka 2010 ku Manila vyeo viwili vya umeme: afisa na fundi wa chini yake. Lazima mtu awe na miaka 18 kwenda juu. Kwa afisa, njia ya masomo na mazoezi inachukua angalau miezi 12, na angalau miezi 6 yake iwe ndani ya meli. Kuko pia mafunzo ya kuzima moto na kujiokoa ndani ya maji, na daktari anapima macho, sababu fundi lazima atofautishe rangi za nyaya. Shule za mabaharia ziko Dar es Salaam, Mombasa, na Abidjan kwa wenye kusoma Kifaransa. Kingereza kinaombwa karibu kila mahali, sababu vitabu vya mashini viko mu luga hiyo.

Vijana wajilinde pia na watu wenye kuuza "kazi ya meli" kwa simu. Mkataba wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unakataza kumlipisha baharia feza ya kumtafutia kazi. Mwenye anatafuta kazi analipa tu daktari, kitabu cha baharia, na pasipoti pamoja na karatasi zingine za safari; hata viza inalipwa na mwenye meli. Mtu akiomba feza ya "nafasi" mbele ya mkataba kutiwa sahihi, hiyo ni alama ya kutosha ya kumuacha.