Sindano za Kichina: Ni matatizo gani ya tumbo zinayasaidia, na yapi haziyagusi?

Julai 1971, mwandishi wa gazeti la New York Times, James Reston, akiwa kikazi Beijing alishikwa na kidole tumbo. Madaktari wa Kichina wakampasua na kukitoa, kwa ganzi ya kawaida kabisa ya hospitali. Usiku wa pili tumbo likajaa na kumkosesha raha. Akaletwa mtaalamu aliyemchoma sindano tatu ndefu na nyembamba, moja kwenye kiwiko cha kulia na nyingine chini ya magoti, huku mmea mkavu ukichomwa karibu na tumbo lake. Reston aliandika kuwa ndani ya saa moja tumbo lilikuwa limelegea.

Makala hiyo ndiyo iliyowafanya Wamarekani wengi waanze kuulizia akupancha, yaani tiba ya sindano ya China. Mtandaoni bado utakuta watu wakisema Reston alipasuliwa kwa sindano hizo badala ya ganzi. Si kweli. Sindano zilikuja baadaye, kwa ajili ya tumbo.

Kwetu pia tiba hii si ngeni. Madaktari wa China walianza kufika Zanzibar mwaka 1964, Tanzania Bara mwaka 1968, na leo kliniki za Kichina zipo kwenye miji mingi mikubwa ya Afrika Mashariki. Mtu mwenye tumbo sugu akichoka na vidonge, lazima atakutana na mtu wa kumwambia: "Jaribu sindano."

Sasa, ajaribu?

Sindano zenyewe zikoje?

Si kama ile ya hospitali. Haina tundu wala dawa ndani, na ni nyembamba karibu kama unywele. Inachomwa na kuachwa kwa kawaida dakika 20 hadi 30. Wengi husikia uzito au ganzi kidogo pale ilipoingia. Wataalamu wengine huunganisha umeme mdogo kwenye sindano.

Cha kushangaza, kwa shida ya tumbo unaweza kuchomwa mguuni au mkononi. Pointi inayotumika sana iko upande wa nje wa mguu, kama vidole vinne chini ya goti. Nyingine iko ndani ya mkono, vidole vitatu kutoka kwenye kifundo, katikati ya mishipa miwili unayoiona ukikunja ngumi.

Tatizo la neno "tumbo"

Huku kwetu karibu kila kitu tunakiita vidonda vya tumbo. Kiungulia, vidonda. Gesi, vidonda. Kushiba haraka, vidonda. Ukienda kwenye sindano na jina hilo moja, huwezi kujua kama zitakufaa, kwa sababu matokeo yake yanategemea sana una nini hasa.

Kichefuchefu ndicho chenye ushahidi mzuri zaidi. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2015 ulikusanya majaribio 59 yenye watu zaidi ya 7,600 waliofanyiwa upasuaji. Kuchochea ile pointi ya mkononi kulipunguza kichefuchefu na kutapika, kwa kiwango kinachokaribiana na dawa. Na si lazima uchomwe: baadhi ya majaribio hayo yalitumia mkanda unaobana pointi hiyo tu.

Kukosa choo kunafuata. Mwaka 2016 watafiti wa China walichapisha jaribio la watu 1,075 wenye choo kigumu cha muda mrefu, katika hospitali 15. Walipata sindano za umeme mara 28 kwa wiki nane. Kati ya kila 100 waliopata sindano halisi, 31 walifikia kupata choo kamili mara tatu au zaidi kwa wiki bila kusaidiwa na dawa. Kwa waliopewa sindano feki walikuwa 12. Nafuu iliendelea hata wiki 12 baada ya matibabu kuisha. Ni tofauti kubwa, ila tuseme yote: karibu 69 kati ya 100 hawakufikia kiwango hicho.

Kuna na wale wanaokula vijiko vichache tu wakahisi wamejaa, na kipimo hakionyeshi kitu. Jaribio la China la mwaka 2020, lenye watu 278 na sindano 12 kwa wiki nne, lilionyesha asilimia 83 walipata nafuu, dhidi ya asilimia 52 kwa sindano feki. Soma hiyo namba ya pili tena. Nusu ya watu walipata nafuu kwa sindano zisizo za kweli.

Ina maana ni akili tu?

Kwa ugonjwa wa utumbo unaoitwa IBS, ule wa tumbo kunyonga na choo kubadilika-badilika, huenda sehemu kubwa ndiyo hiyo. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2012 haukuona tofauti kati ya sindano halisi na feki.

Miaka minne kabla, watafiti wa Marekani waliwagawa wagonjwa 262 wa IBS. Waliowekwa kusubiri tu, asilimia 28 walisema wana nafuu ya kutosha. Waliopata sindano feki, asilimia 44. Waliopata sindano feki pamoja na mtaalamu aliyewasikiliza kwa upole na kuwapa muda, asilimia 62. Mwenye kukumbuka foleni ya kliniki na daktari wa dakika tatu ataelewa.

Lakini si akili pekee. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2021 kwenye jarida la Nature ulionyesha kuwa umeme mdogo kwenye ile pointi ya mguu huamsha neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na tumbo, na kupunguza uvimbe mwilini. Pointi ya tumboni, kwa umeme uleule mdogo, haikufanya hivyo. Panya hawana imani na daktari.

Pale sindano haziingii

Vidonda vya tumbo vya kweli, mara nyingi, husababishwa na bakteria aitwaye H. pylori au dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen. Barry Marshall na Robin Warren walipata Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria huyo. Anauawa kwa antibayotiki, si kwa sindano.

Hofu yangu iko hapa: nafuu inaweza kukuchelewesha. Ukiona choo cheusi kama lami au chenye damu, unatapika damu, unakonda bila sababu, au chakula kinakwama kooni, anza hospitali. Kukwama kwa chakula hasa usikupuuze, kwani Afrika Mashariki ni kati ya maeneo yenye saratani nyingi ya umio duniani.

Ukiamua kwenda

Sindano zifunguliwe mbele yako, mpya, na zitupwe baada yako. Iliyorudiwa inaweza kukuambukiza homa ya ini au VVU. Sema mapema kama una mimba, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una betri ya moyo. Mwenye betri ya moyo asiunganishwe umeme. Tanzania, uliza kama mtaalamu amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Dawa ulizopewa hospitali usiziache kimyakimya.

Na ulizia bei ya mzunguko mzima, sio ya siku moja. Majaribio yale yalichukua wiki nne hadi nane. Kama muda huo umepita na tumbo ni lilelile, mtu akikwambia uongeze mwezi mwingine, mwombe akuonyeshe sababu kwanza kabla hujatoa hela.